Maana ya Neno "Accurate"

Watu wengi wajifunzao Kiingereza hudhani ya kuwa maneno "accurate" na "precise" ni mamoja, kwa sababu yote mawili hufasiriwa "sahihi". Walakini maana zake ni mbalimbali, na mtu asiyeijua tofauti hiyo aweza kupata hasara.

Asili ya maneno haya ni Kilatini. "Accurate" latokana na neno lenye maana ya kufanya jambo kwa uangalifu. "Precise" latokana na neno lenye maana ya kukata. Basi jambo likiwa "accurate" limeafikiana na kweli. Likiwa "precise" limekatiwa mpaka wake, limetajwa kinaganaga.

Tuseme shahidi ameulizwa mgeni alifika lini. Akijibu, "Saa 4 na dakika 17," hali mgeni alifika saa 6, maneno yake ni "precise" lakini si "accurate". Mwenziwe akisema, "Alifika yapata adhuhuri," huyu hakutaja dakika, walakini amesema kweli.

Mizani nayo ni vivyo hivyo. Gunia la kahawa lenye kilo 60 likipimwa mara tatu, na kila mara mizani ikaonyesha kilo 57, mkulima aweza kudanganyika akasema, "Mizani hii haigeuki, ni ya haki." Kumbe haigeuki katika kosa lake! Kwa kila gunia amepunjwa kilo 3, na katika magunia 20 amepoteza kilo 60, yaani gunia zima. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake.

Kwa hiyo kupima mara nyingi hakutoshi. Yapasa mizani ijaribiwe kwa jiwe ambalo uzito wake umekwisha kuthibitishwa. Katika Tanzania kazi ya kukagua mizani ni ya Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002.

Lugha yetu nayo yatupa fundisho. "Sahihi" ni jambo lisilo na kosa. Tena ni alama ya jina ambayo mtu huitia kwa mkono wake chini ya hati. Basi kabla hujatia sahihi yako katika kitabu cha mnunuzi, hakikisha kwanza ya kuwa hesabu yenyewe ni sahihi.