Kukanda Macho kwa Joto Lenye Unyevu: Kipimo, Muda na Mipaka Yake

Ukavu wa macho, kwa maana yake ya kitabibu, si upungufu wa machozi pekee, bali ni hali ambayo utando wa machozi unaofunika uso wa jicho hupoteza uthabiti wake, ukapasuka kabla kope hazijapepesa tena, na kuuacha uso huo ukikauka na kuwasha. Ndiyo maana mgonjwa mmoja hulalamika kwamba macho yanamchoma na kumkwaruza kana kwamba yameingiwa na mchanga, ilhali mwingine mwenye maradhi yaleyale hushangaa kuona machozi yakimtiririka kila anapopigwa na upepo: jicho lililokauka huiamsha tezi kubwa ya machozi, nayo hujibu kwa kumwaga maji mengi yasiyo na mafuta ya kutosha, ambayo hufurika shavuni badala ya kutulia jichoni. Wa tatu huona maandishi yakififia na kurudi kila anapopepesa. Kwa wengi wa wagonjwa hawa, tiba ya nyumbani iliyo nyepesi na yenye msingi imara wa kisayansi ni kukanda kope kwa joto lenye unyevu, lakini wengi huiacha baada ya siku chache wakisema haisaidii, na sababu kubwa ni kwamba waliifanya kwa joto hafifu na kwa muda mfupi mno.

Utando wa machozi una unene wa takriban mikromita 3, yaani sehemu 3 za elfu moja za milimita, na ndani ya wembamba huo mna vitu vitatu vyenye kazi tofauti: ute unaoyashikiza machozi kwenye uso wa jicho, maji yenye chumvi na protini za kupambana na vijidudu, na juu kabisa tabaka la mafuta linalozuia maji hayo yasigeuke mvuke. Mafuta hayo hutengenezwa na tezi za Meibom, zilizopewa jina la tabibu Mjerumani Heinrich Meibom, aliyezieleza mwaka 1666. Tezi hizi zimejipanga wima ndani ya kope, kati ya 25 na 40 katika kope ya juu na kati ya 20 na 30 katika kope ya chini, na kila moja ina tundu lake dogo kwenye ukingo wa kope, nyuma tu ya mstari wa nywele. Kila mara mtu anapopepesa, misuli ya kope huzikamua kidogo, mafuta yakatoka na kutandazwa juu ya machozi. Daktari wa macho akiubonyeza ukingo wa kope yenye afya, hutokeza matone angavu ya mafuta. Akiubonyeza ukingo wa kope iliyougua, hutoka kitu kizito cheupe au cha manjano, au hakitoki kitu kabisa. Kuziba kwa tezi hizi ndicho chanzo kikuu cha ukavu wa macho duniani, na ndicho hasa ambacho joto linalenga kukitibu.

Siri ya tiba hii imo katika kiwango cha joto ambacho mafuta huyeyuka. Wenyeji wa Njombe au Limuru huyaona mafuta ya nazi yakiganda ndani ya chupa asubuhi za baridi, wakayaanika juani ili yamiminike, na mafuta ya tezi za Meibom yana tabia hiyohiyo, ila kwa nyuzijoto za juu zaidi. Kwa mtu mwenye afya huanza kulainika na kuyeyuka katika nyuzijoto za Selsiasi 28 hadi 32, hivyo joto la kawaida la kope, ambalo ni nyuzijoto 33 au 34 hivi, latosha kuyaweka katika hali ya umajimaji. Tezi inapougua, mchanganyiko wa mafuta hubadilika na kiwango chake cha kuyeyuka hupanda hadi nyuzijoto 35 au zaidi, yaani juu ya joto la kope yenyewe. Hapo mafuta hukwama njiani, tezi hujaa, na zikikaa hivyo kwa muda mrefu seli zake husinyaa na kufa. Tezi iliyokufa hairudi. Hii ndiyo sababu ya kuianza tiba mapema, wakati ambapo dalili ni uchovu wa macho wa jioni tu, badala ya kungoja hadi maumivu yamzuie mtu kusoma.

Mambo yanayozichosha tezi hizi ni mengi, na baadhi hayaepukiki, kama umri na mabadiliko ya homoni kwa wanawake waliokoma hedhi. Mengine yanatokana na mwenendo wa maisha. Mtu aliyetulia hupepesa takriban mara 15 kwa dakika, lakini anayekodolea macho simu au kompyuta hupepesa chini ya nusu ya hapo, na mara nyingi kope zake hazifungi kabisa, kwa hiyo tezi hazikamuliwi. Dawa za chunusi kali zenye isotretinoini hudhoofisha tezi zenyewe. Wanja nao, ukipakwa ndani ya ukingo wa kope badala ya kupakwa nje ya mstari wa nywele, hukaa juu kabisa ya matundu ya tezi, na baadhi ya wanja wa kienyeji huwa na madini ya risasi, kwa hiyo mwenye macho makavu anayependa wanja afadhali aupake upande wa nje na auondoe kila usiku.

Ili mafuta yaliyoganda yayeyuke, sehemu ya ndani ya kope, zilipo tezi, sharti ifikie takriban nyuzijoto 40. Kope ina ngozi, misuli na tishu ngumu kabla ya joto kufika ndani, tena mishipa ya damu iliyomo huchukua sehemu ya joto hilo na kulipeleka kwingine, kwa hiyo kitambaa kinachogusa ngozi kinahitaji kuwa na nyuzijoto 42 hadi 45 na kubaki hivyo kwa dakika 10 hivi. Inasikitisha kwamba maelezo anayopewa mgonjwa huishia kwenye maneno machache ya kumtaka akande kwa maji vuguvugu, kwa sababu maji vuguvugu ndiyo hasa yasiyofaa. Taulo dogo lililochovywa katika maji ya moto hupoteza joto lake la tiba ndani ya dakika 2 tu, na yule anayelikalisha usoni kwa dakika 10 bila kulibadilisha huwa amekanda kwa dakika 2 na kujipoza kwa dakika 8.

Unyevu una faida na hasara zake. Maji hupitisha joto kwenye ngozi vizuri kuliko hewa iliyonaswa katika kitambaa kikavu, hulainisha magamba yaliyogandamana kwenye mizizi ya nywele za kope, na kulegeza utandongozi unaoziba matundu ya tezi. Hata hivyo, maji hayohayo yakigeuka mvuke hukipoza kitambaa, ndiyo maana kitambaa chenye maji lazima kifunikwe juu yake na kitambaa kikavu.

Njia inayofaa nyumbani ni kuandaa vitambaa vitano au sita vya pamba, vilivyo safi, na kuvitia katika maji yaliyochemshwa na kuchanganywa na ya baridi yaliyochemshwa pia, hadi yawe ya moto kwa hakika, lakini mkono uweze kubaki ndani yake bila kuumia. Kila kitambaa hukamuliwa, kikakunjwa mara mbili au tatu. Cha kwanza huviringwa kikawa mviringo, cha pili kikazungushwa juu ya cha kwanza, na vivyo hivyo hadi cha mwisho, kisha fungu zima likawekwa ndani ya hotpoti iliyofunikwa. Mgonjwa hulala chali, akavua lenzi kama huzivaa, akafumba macho, na kuanza na kitambaa cha nje. Kila baada ya dakika 2 hukiondoa na kuchukua kinachofuata, ambacho kilikuwa kimehifadhiwa na vya nje yake na bado kina joto. Kabla ya kukiweka machoni, kila kitambaa hujaribiwa kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono, kwa sababu ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili na huungua upesi. Mwenye kisukari ambaye vidole vyake vimekufa ganzi hapaswi kujipimia mwenyewe. Mtu mwingine wa nyumbani amsaidie.

Joto likishayeyusha mafuta, kinachobaki ni kuyatoa, na hapa watu huharibu. Kope ya juu hupapaswa kwa ncha ya kidole kuelekea chini, na ya chini kuelekea juu, polepole, kidole kikigusa kope na si kulikandamiza jicho. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hulainika kidogo ikipata joto, na kuifikicha wakati huo kunaweza kubadili umbo lake. Mwenye ugonjwa wa konea iliyochongoka kama pia ajiepushe kabisa na kukandamiza. Kuona ukungu kwa dakika chache baada ya kukanda ni jambo la kawaida, kwani mafuta yaliyotoka yametapakaa jichoni, na mtu hafai kuendesha gari mpaka uoni utulie. Zoezi hili hufanywa mara 2 kwa siku katika wiki za mwanzo, kisha mara 1, na nafuu yake huonekana polepole. Kwa kuwa maradhi haya ni sugu, mafuta huganda tena mtu anapoacha. Vifaa vya hospitalini vinavyopasha kope joto kutoka ndani huku vikizikamua vipo, na cha kwanza kiliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2011, lakini bei yake ni kubwa, nayo haimwondolei mgonjwa haja ya kujitunza nyumbani.

Vitambaa ni vya mtu mmoja tu. Trakoma, ambayo Watanzania wengi huiita vikope, huenezwa pamoja na mambo mengine kwa kushirikiana taulo na vitambaa vya kufutia uso, na katika maeneo makavu kama Kongwa ulikuwa ugonjwa wa nyumba nzima. Vitambaa hufuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani kila baada ya kutumika. Zaidi ya hayo, aliyeugua vikope kwa miaka mingi mara nyingi ana makovu ndani ya kope yaliyokwisha kuziharibu tezi, naye hata akikanda kwa uangalifu wote hatapata mafuta mapya. Anachohitaji ni machozi ya bandia, na kama nywele za kope zimegeukia ndani, upasuaji.

Yapo macho mengine yasiyofaa kukandwa kwa joto. Mtoto anayejifikicha macho kwa muwasho mkali usiokwisha, hasa wakati wa vumbi, huenda ana mzio, na joto huzidisha muwasho wake, kwa hiyo kitambaa cha baridi ndicho kinachomfaa. Jicho jekundu linalotoa tongotongo nzito, jicho lililofanyiwa upasuaji karibuni, na jicho lililoumia, yote yanahitaji daktari kwanza. Mtoto ambaye macho yake yamekauka na haoni vizuri usiku anapaswa kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu hiyo ni dalili ya ukosefu wa vitamini A, ambao unaweza kumpofusha na haupoi kwa maji ya moto. Mtu mzima ambaye pamoja na macho makavu ana kinywa kikavu kinachomlazimu kunywa maji ili ameze chakula, na viungo vinavyouma, aulizie ugonjwa wa Sjögren, uliopewa jina la daktari wa macho Mswidi Henrik Sjögren aliyeueleza katika tasnifu yake ya mwaka 1933. Katika ugonjwa huo kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate zenyewe. Kwa mgonjwa huyo, daktari huingiza kipande cha karatasi ya kunyonya ndani ya kope ya chini kwa dakika 5, na unyevu usiopita milimita 5 humwonyesha kwamba tatizo si mafuta peke yake, bali machozi yenyewe hayatoki.