Jiko la Vigae: Pima Kabla ya Kununua

Leo naomba tuingie jikoni, si kwa mapishi bali kwa hisabu.

Nyumba nyingi za Pwani siku hizi zinaacha sakafu ya simiti na kutia vigae jikoni. Mara nyingi fedha ni za bibi mwenye nyumba mwenyewe: zamu yake katika chama cha kina mama, faida ya mahamri na viazi karai, au kitu alicholetewa na mwanawe aliye Ghuba. Fedha hizo hukusanywa kwa miezi na hutoka kwa siku moja. Ajabu ni kwamba kipimo kinachozitoa hutajwa na fundi akiwa amesimama mlangoni: "Hapa masanduku matano yatatosha." Hakupima, amekadiria kwa jicho. Yakizidi, fedha zimelala. Yakipungua, mashaka ni makubwa zaidi.

Kwa nini? Kwa sababu vigae huchomwa kiwandani kwa mikupuo, na kila mkupuo hutoka na rangi yake, hata ukubwa ukatofautiana kwa milimita. Ndiyo maana sandukuni huandikwa nambari ya mkupuo. Aliyepungukiwa na vigae sita akarudi dukani baada ya wiki tatu, huenda akapata jina lile lile na nakshi ile ile, lakini nambari nyingine. Akivitia, atabaki na kiraka mbele ya meko, akikitazama kila anapokoroga chungu.

Basi chukua futi ya kupimia, karatasi na kalamu, na mtoto wa kukushikia upande wa pili. Pima urefu pande zote mbili za chumba, na upana vivyo hivyo, kisha uandike kile kipimo kikubwa. Wenye nyumba za kale za mawe, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, wasiliache hili kabisa. Vyumba hivyo vilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, upana wake ukifuata urefu wa boriti za mikoko, na ni nadra kukuta pembe nne zilizo mraba kamili.

Tuchukulie jiko lenye urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 2.5. Zidisha, unapata mita 9 za mraba. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 kina eneo la mita 0.16 za mraba. Gawa 9 kwa 0.16, unapata 56 na robo, yaani vigae 57. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea.

Sasa chora sakafu hiyo katika daftari la miraba la mtoto wa shule. Kwa urefu, vigae 9 vinaingia barabara. Kwa upana vinaingia 6, na panabaki sentimita 10. Fundi anayejua kazi hataki utepe wa sentimita 10 kando ya ukuta, kwani huvunjika ukikatwa, na ukuta ukiwa umepinda utepe huo ndio utakaofichua. Atavisogeza vigae katikati: safu 5 nzima, na kila upande kipande cha sentimita 25. Kipande cha 25 kikitoka katika kigae cha 40, kinachobaki ni 15, nacho hakifai popote. Safu zimekuwa 7, kila moja ina vigae 9, jumla 63. Mianya ya milimita mbili tatu baina ya vigae nimeiacha, kwani hapa haiongezi kitu.

Ikiwa sanduku lina vigae 12, yale masanduku matano ya fundi ni vigae 60, na kazi ingekwama ukingoni. Sita ni vigae 72, na vile 9 vya ziada ni vya kuvunjika na vya akiba. Mafundi wengine huongeza asilimia 10 juu ya eneo, na kwa jiko hili hesabu yao inafika 62 tu, pungufu ya kimoja hata kabla ya kuvunjika. Ukitaka vigae vya mshazari, ongeza asilimia 15, kwani kila ukingo utakatwa pembe.

Jambo hili si geni kwa waliotutangulia. Abu al-Wafa al-Buzjani, mwanahisabu wa Baghdad wa karne ya nne ya Hijria, aliandika kitabu mahsusi juu ya handasa wanayoihitaji mafundi. Humo amesimulia vikao baina ya wanahandasa na mafundi, na swali lililoulizwa: vipi miraba mitatu iliyo sawa itakatwa na kuunganishwa iwe mraba mmoja? Wanahandasa walijua urefu wa ubavu wa mraba huo na dalili yake, lakini kukata kukawashinda. Mafundi walikata, kazi ikapendeza machoni, lakini ilipopimwa haikuwa sawa. Kwa hiyo usione haya kumwita fundi akae nawe juu ya ule mchoro wa daftari.

Ukutani hisabu ni nyepesi. Chagua kimo kinachokubaliana na kigae. Kigae cha sentimita 25 kwa 40 kikisimamishwa, kimo cha sentimita 80 ni safu mbili nzima bila kukata. Lakini vigae vya ukutani visiteremshwe sakafuni kwa sababu ya bei. Ni vyembamba na huteleza, na jikoni hapakosi mafuta wala bibi mzee.

Gundi ya vigae, mfuko wa kilo 20 hufika takriban mita 4 za mraba, basi jiko letu linataka mifuko mitatu. Sakafu ikiwa na mabonde, gundi yaweza kwenda maradufu. Ni nafuu kuisawazisha kwanza kwa mchanga na simiti. Na ukuta unaotoa unyevu na chumvi usifunikwe kabla ya kutibiwa, kwani vigae vitaachia. Unga wa kuzibia mianya uwe wa kijivu. Weupe haustahimili bizari.

Kisha makubaliano. Ujira ujulikane kabla ya kazi, kwa mita au kwa kazi nzima, na iandikwe nani atasawazisha sakafu na nani atatoa vifusi. Vigae vilivyobaki ni mali ya mwenye nyumba. Fundi akivitaka, aombe, nawe ukimpa ni hiari yako.

Siku ya kununua, soma nambari ya mkupuo katika kila sanduku kabla halijapakiwa mkokotenini, na muulize muuzaji kama sanduku lisilofunguliwa hurudishwa. Vya akiba viweke chini ya ngazi pamoja na kile kipande cha sanduku chenye nambari, na karatasi yako ya vipimo juu yake.