Mtoto "Aliyetoroka" Naye Amepotea: Wajibu wa Mlezi Kutoa Taarifa



Katika toleo hili tumeona vema tuzungumzie jambo ambalo kamati nyingi za parokia hulikuta mlangoni bila kujiandaa. Mtoto hayupo, na mtu aliyekuwa akiishi naye hajamweleza yeyote. Mara nyingi mtu huyo si mzazi. Ni shangazi wa mjini, ni mwajiri wa msichana wa kazi, ni msimamizi wa bweni, au ni mwalimu wa kwaya aliyesafiri na watoto. Akiulizwa, jibu huwa fupi: "Ametoroka."

Neno hilo ndilo tunalotaka kulitazama. Mtoto mdogo akipotea sokoni, watu huacha shughuli zao wakamtafuta, na tangazo hutolewa kwa kipaza sauti. Lakini msichana wa miaka 14 aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani akiondoka usiku, husemwa kwamba ametoroka, na mambo huishia hapo. Hatafutwi, analaumiwa. Wazazi wake kijijini huweza kukaa wiki kadhaa wakidhani yuko salama. Sheria haiwagawi watoto namna hiyo.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Zanzibar ina sheria yake, ambayo ni Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011. Hapa tunaeleza ile ya Bara, na namba za vifungu tunazozitaja ni za Sheria kama ilivyopitishwa mwaka 2009.

Sheria hiyo ilipopitishwa haikuwa na kifungu kimoja kinachosema, "mtoto akipotea, mlezi atoe taarifa ndani ya saa kadhaa." Wajibu huo unapatikana kwa kusoma vifungu vitatu kwa pamoja.

Kwanza ni kifungu cha 9. Kinampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto asitelekezwe, asibaguliwe, asifanyiwe ukatili na asiachwe kwenye hatari za kimwili na kimaadili. Kinamtaka pia ahakikishe kwamba, yeye asipokuwepo kwa muda, mtoto anatunzwa na mtu anayeiweza kazi hiyo. Kwa hiyo mzazi wa Singida aliyemruhusu binti yake kwenda kukaa Dar es Salaam hajautua mzigo wake. Bado anapaswa kujua mtoto yuko kwa nani na anaendeleaje. Kwa anayekiuka masharti ya sehemu hiyo ya Sheria, kifungu cha 14 kiliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Pili ni kifungu cha 95. Hiki kinamgusa kila mmoja wetu. Kinasema kwamba mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kuwa haki za mtoto zinavunjwa, au kuwa mzazi, mlezi au ndugu anayeishi na mtoto anao uwezo lakini anakataa au anapuuza kumpatia chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, ana wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Tunaomba maneno "mwanajamii yeyote" yasomwe vizuri. Wamo humo jirani, mwenye nyumba, katekista, mwalimu na mwenyekiti wa jumuiya.

Tatu ni kifungu cha 94. Kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake, na kwa msaada wa polisi, kuwatafuta wazazi au walezi wa mtoto aliyepotea au aliyetelekezwa. Kifungu hiki kinatuonyesha kwa nini ukimya una madhara makubwa. Tuseme mtoto ameokotwa stendi ya mabasi Morogoro na kupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii. Afisa huyo ataulizia kwa wenzake na kwa polisi. Kama kule Dar es Salaam alikotoka hakuna aliyeandikisha kwamba mtoto hayupo, taarifa ya Morogoro haina wa kuipokea. Ili mtoto arudi kwa watu wake, taarifa mbili lazima zikutane.

Pamoja na vifungu hivyo, Kanuni ya Adhabu inakataza kumpa mtumishi wa umma taarifa ambazo mtoaji anajua ni za uongo. Mlezi anayemwambia polisi kwamba "mtoto amekwenda kwao" huku akijua si kweli, anajiongezea kosa. Nayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamhusu yeyote anayemsafirisha au kumpokea mtoto kwa lengo la kumnyonya, hata kama safari ilianza kwa maneno mazuri ya kumtafutia kazi au shule.

HAKUNA KUSUBIRI SAA 24

Imani iliyoenea ni kwamba polisi hawapokei taarifa ya mtu aliyepotea mpaka zipite saa 24. Sheria ya Mtoto haina sharti hilo. Saa za mwanzo ndizo ambazo mtoto bado yuko karibu, kondakta bado anakumbuka abiria wake, na muuza duka bado anakumbuka nguo alizovaa.

Huenda saa 24 zimesikika kutokana na habari za nchi nyingine, hivyo inafaa kujua maana yake huko. Mwaka 2008, katika mji wa Orlando, Florida, nchini Marekani, mtoto wa miaka 2 aitwaye Caylee Anthony alitoweka. Zilipita siku 31 kabla bibi yake hajapiga simu polisi. Baadaye mtoto huyo alipatikana amekufa. Mama yake alishtakiwa kwa mauaji, na mwaka 2011 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia ya mauaji, ila lilimtia hatiani kwa kuwapa polisi taarifa za uongo. Watu wengi walishangaa kuona kwamba kukaa kimya siku zote hizo hakukuwa kosa linalojitegemea. Majimbo kadhaa yakatunga sheria mpya. Jimbo la New Jersey, mwaka 2012, lilifanya kuwa kosa kwa mwenye jukumu la kumlea mtoto wa miaka 13 au chini ya hapo kukaa zaidi ya saa 24 bila kutoa taarifa baada ya kujua kwamba amepotea.

Kwa hiyo huko saa 24 ni ukomo wa uvumilivu wa sheria kwa mlezi. Si muda wa kusubiri. Tangu mwaka 1990 sheria ya shirikisho ya nchi hiyo inakataza vyombo vya polisi kuwa na kipindi cha kusubiri kabla ya kupokea taarifa ya mtoto aliyepotea.

KWA NINI WALEZI HUNYAMAZA

Sababu kubwa ni woga. Mwajiri anaogopa kuulizwa umri wa mtoto, mshahara wake, au alama zilizo mwilini mwake. Ndugu anaogopa lawama za ukoo. Shule au kikundi kinaogopa jina kuchafuka. Wengine hutumaini tu kwamba atarudi.

Woga huu unaeleweka, lakini haumsaidii mlezi. Taarifa ikitolewa na mtu mwingine siku ya tano, swali la kwanza litakuwa: siku nne zote ulikuwa wapi? Anayetoa taarifa mapema anaonyesha kwamba alijali.

Tena, kutoa taarifa si kumrudisha mtoto kwa nguvu katika nyumba aliyoikimbia. Mtoto huondoka kwa sababu, na sababu nyingine ni nzito: kipigo, njaa, kutolipwa, au kuingiliwa kimwili. Ni kazi ya afisa ustawi wa jamii kumsikiliza na kuangalia mahali panapomfaa. Kamati isijigeuze mahakama, wala isikubali "kuyamaliza kifamilia" kabla mtoto hajaonekana na kusikilizwa.

HATUA ZA KUFUATA

1. Mjulisheni mzazi mara moja, hata kama mtoto alikuwa chini ya mtu mwingine.

2. Toeni taarifa kwa mjumbe, na kwa mwenyekiti wa mtaa, kijiji au kitongoji. Mwombeni awaunganishe na afisa ustawi wa jamii.

3. Nendeni kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto. Elezeni umri, nguo, lugha anazozungumza, ugonjwa kama anao, na watu anaowafahamu. Msiondoke bila namba ya RB.

4. Pigeni namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Simu hiyo ni bure.

5. Mkitangaza kanisani au kwa simu, semeni "anatafutwa". Msimwite mwizi wala mtoro. Mtoto akisikia anaitwa mwizi atajificha zaidi.

6. Akipatikana, rudini kila mlikotoa taarifa mkaseme amepatikana.

KWA KAMATI NA KWA WAHISANI

Tunazishauri kamati zifanye mambo matatu kabla ya tatizo kutokea. Kila safari ya kwaya au ya watoto wa mafundisho iwe na orodha ya majina, simu za wazazi, na mtu mmoja anayehesabu watoto wakati wa kupanda na kushuka. Kila jumuiya ijue ni watoto gani wanaoishi katika nyumba zake bila wazazi, na simu ya mzazi iandikwe. Na mtu mmoja wa kamati ateuliwe kujua njia ya kwenda ustawi wa jamii na polisi, ili siku ya shida watu wasianze kuulizana.

Kwa wahisani wetu, tunapenda mfahamu kwamba kazi hii haihitaji jengo wala gari jipya. Inahitaji daftari, vocha ya simu, nauli ya mtoto na ya mtu wa kumsindikiza hadi kwao, na semina ya siku moja kwa viongozi wa jumuiya. Ni matumizi madogo ambayo hayapendezi kwenye picha, lakini mtoto aliyekwama stendi bila nauli anayahitaji leo.

Tunaziomba kamati zote zilijadili jambo hili katika kikao kijacho na kuandika kwenye muhtasari jina la mtu mliyemteua. Na tangu leo, mtu akisema "ametoroka", swali letu liwe moja: umetoa taarifa wapi?