Upasuaji wa uzazi: nani anaupata, nani anaukosa

Watoto wanaozaliwa kwa upasuaji Tanzania wameongezeka kutoka asilimia 6 katika utafiti wa kitaifa wa 2015–16 hadi asilimia 11 mwaka 2022. Shirika la Afya Duniani linasema kiwango kikishapita asilimia 10 nchini, ongezeko zaidi halipunguzi vifo. Kwa hesabu hiyo Tanzania imefika panapotakiwa. Lakini wastani una tabia ya kuficha: mijini na kwa wenye uwezo upasuaji ni mwingi, vijijini na kwa maskini ni haba.

Tofauti huanzia kliniki. Hudhurio la kwanza, mkunga hujaza kadi: uzazi uliopita, presha, wingi wa damu, mkojo, urefu. Mama asiyefika sentimita 150, mwenye mapacha au kovu la upasuaji huandikiwa kujifungulia hospitali, akajipanga mapema. Mahudhurio yanayopendekezwa ni 8. Mwaka 2022 waliofikisha hata 4 walikuwa asilimia 65 tu. Anayeanza kliniki mimba ikiwa kubwa, mara nyingi tatizo lake hugunduliwa uchungu umeshaanza.

Kisera, huduma za uzazi katika vituo vya serikali ni bure. Bure hiyo haimlipi bodaboda, wala hainunui glovu, pamba na mpira wa kulalia ambavyo mama huambiwa aje navyo stoo ikiwa tupu. Zahanati nayo haina chumba cha upasuaji. Patografu, chati ya kufuatilia uchungu, ikionyesha njia haifunguki inavyopaswa, mkunga huandika rufaa, na hapo safari ndiyo huamua. Namba 115 ya mfumo wa m-mama imesaidia usafiri wa dharura. Chigonela, nyumba za wajawazito kusubiria karibu na hospitali, zimesaidia wanaoweza kuacha shamba na watoto kwa wiki kadhaa. Aliyechelewa hufika amechoka, pengine ana maambukizi, na upasuaji uleule unakuwa wa hatari zaidi. Uchungu pingamizi, yaani mtoto anapokwama njiani, ukikaa muda mrefu huacha fistula au hupasua mfuko wa uzazi.

Mwenye bima katika hospitali binafsi huweza kupangiwa tarehe, wakati mwingine bila sababu ya kitabibu: anaogopa uchungu, daktari anaokoa muda, na hospitali inalipwa zaidi. Brazili imefika mbali katika njia hiyo. Zaidi ya nusu ya watoto wake huzaliwa kwa upasuaji. Kila kovu huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishikiza vibaya na kuvuja damu katika mimba zinazofuata. Mwenye kovu anayeishi mbali na hospitali hapaswi tena kujifungulia zahanati, hata mimba ikienda vizuri.