ITAZAME DAMU YA PUNDA WAKO

Punda ni msaada mkubwa kijijini. Hubeba maji, kuni na magunia ya mahindi. Siku punda akiugua, mizigo hiyo hurudi kichwani kwa mama na watoto.

Mara nyingi punda huugua polepole. Anachelewa njiani. Anasimama mara kwa mara. Sisi husema, "Mvivu huyu!" Tunachukua fimbo. Kumbe huenda si mvivu. Huenda amepungukiwa damu.

Damu ni nini?

Tone moja la damu lina chembe nyingi mno. Ni ndogo sana, hazionekani kwa macho matupu. Chembe nyekundu huchukua hewa safi mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Chembe nyeupe ni kama mgambo. Hupigana na vijidudu vya magonjwa.

Punda na farasi ni wa ukoo mmoja. Wataalamu wameichunguza sana damu ya farasi. Wameona kwamba damu hiyo hubadilika kwa saa, kwa majira na kwa makao.

Saa za siku

Farasi akipumzika, huweka akiba ya chembe nyekundu katika bandama, kama mkulima anavyoweka mahindi ghalani. Akikimbia au akiogopa, bandama hujikaza na kuitoa akiba hiyo. Farasi wa mbio akiwa ametulia, katika kila sehemu 100 za damu yake, chembe nyekundu ni karibu sehemu 40. Akikimbia kwa nguvu zote, hufika 60 au zaidi. Chembe nyeupe nazo hazilingani asubuhi na jioni.

Kwa hiyo Bwana Mifugo akija kupima damu, usimkimbize punda. Mfunge kivulini mapema, atulie. Damu ya mnyama aliyefukuzwa hudanganya.

Masika na kiangazi

Masika majani ni mengi. Lakini minyoo na kupe nao huongezeka. Minyoo hunyonya damu tumboni. Penye mbung'o kuna nagana, ugonjwa unaoharibu chembe nyekundu.

Kiangazi malisho ni haba. Mnyama asiyeshiba hawezi kutengeneza damu ya kutosha. Na akikosa maji kwa muda mrefu, damu yake huwa nzito.

Chembe nyekundu ya farasi huishi miezi mitano hivi. Mwili wake hutengeneza nyingine polepole. Damu iliyopotea hairudi kwa siku moja. Ndiyo maana inafaa kutibu mapema.

Banda

Mkojo na kinyesi vikijaa bandani, hewa huwa kali. Huwasha macho na kuumiza mapafu. Mayai ya minyoo nayo hutoka katika kinyesi. Tena punda hapendi upweke. Mnyama mwenye hofu kila siku, chembe zake nyeupe huvurugika. Magonjwa humshinda upesi.

Fanya hivi:

1. Jenga banda lenye paa, lisilovuja, lenye kupitisha hewa.
2. Ondoa kinyesi kila siku. Sakafu iwe kavu.
3. Mpe maji safi kila siku. Weka akiba ya majani makavu kwa ajili ya kiangazi.
4. Mwache akae na punda mwenzake.
5. Muulize Bwana Mifugo dawa ya minyoo na kinga ya nagana. Usikisie kipimo cha dawa.

Kesho asubuhi, kabla ya kufunga mzigo, fungua mdomo wa punda wako. Tazama ufizi. Vuta kidogo kope la chini, utazame ndani yake. Rangi ya waridi ni dalili njema. Ukiona weupe, weka fimbo chini. Mpumzishe, kisha mwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo.

Punda hawezi kusema. Ufizi wake utasema.