Siku Kumi na Moja za Zaka



Mzazi mmoja mwenye duka alitueleza kwamba hutoa zaka kila tarehe 1 Januari, kwa kuwa ndiyo siku anayohesabu mali ya dukani. Tukamkumbusha kuwa hauli, yaani mwaka wa zaka, huhesabiwa kwa mwezi mwandamo. Akacheka: "Walimu, si siku kumi na moja tu?" Tukachukua chaki.

Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, na wa Miladia una 365 au 366. Basi kila Januari ikirudi, zaka yake huwa imezidi kuchelewa kwa siku 11 hivi. Hiyo 11 ndiyo kiwango cha mabadiliko: ukiongezeka mwaka mmoja, kuchelewa huongezeka kwa kadiri ile ile, na ukichora utapata mstari ulionyooka.

Lakini alianzia wapi? Daftari lake la zamani lilionyesha kuwa Januari ya kwanza, mwaka 1995, hauli ilikuwa imekwisha timia siku 40 nyuma. Hiyo 40 ni thamani ya mwanzo, yaani kuchelewa kulikokuwapo kabla hata mwaka mmoja haujapita.

Siku za kuchelewa = 40 + 11 × miaka

Baada ya miaka 3 ni siku 73. Baada ya miaka 10 ni 150.

Hapa ndipo wanafunzi wetu wengi huteleza, hata wa darasa la juu. Ukiwapa jedwali bila ya kanuni, huchukua 150 wakagawa kwa 10, wakasema kiwango ni 15. Wamesahau kuwa ndani ya 150 zimo zile 40 zisizotokana na miaka hiyo. Chukueni mistari miwili ya jedwali, mtafute tofauti. Siku: 150 − 73 = 77. Miaka: 10 − 3 = 7. Gawanyeni 77 kwa 7, ni 11. Kisha rudini nyuma: miaka 3 imeleta siku 33, na 73 − 33 ni 40.

Tukaendelea ubaoni mpaka Januari 2024, miaka 29: 11 × 29 ni 319, ongeza 40, jumla 359. Zimepita 354. Maana yake hauli moja nzima imetimia na haikutolewa zaka.

Mzazi wetu hakucheka tena. Aliomba karatasi, akanakili hesabu yote.