Mizani ya Kweli: Namna ya Kuichagua na Kuijaribu

 Leo nataka tuzungumze juu ya chombo ambacho kila mtu amekiona, na ambacho ni wachache sana hukiuliza habari zake. Chombo hicho ni mizani.

Tuseme mkulima mmoja wa pamba amevuna kilo 600. Amelima, amepalilia, amepigana na wadudu, kisha amechuma yeye na mkewe na watoto wake mpaka vidole vikauma. Siku ya mauzo huchukua magunia yake mpaka penye mizani. Gunia latundikwa, karani asoma hesabu, kalamu yaandika, basi. Kazi ya miezi mingi imehukumiwa kwa kitambo cha kupepesa macho.

Sasa, ikiwa mizani ile hupunguza kilo 2 katika kila kilo 50, mkulima wetu atakuwa amepoteza kilo 24. Tukikadiri kuwa kilo moja ni shilingi 1,000, hizo ni shilingi 24,000 alizoziacha pale bila kujua. Hapana mwizi aliyeingia ghalani mwake, wala hapana mtu aliyemnyang'anya njiani. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini tukumbuke kwamba haba na haba vile vile hukimwaga.

Wala si lazima karani awe mtu mbaya. Mizani yaweza kusema uongo kwa sababu ya kutu, au vumbi, au kwa kuwa imeanguka garini, au imesimamishwa mahali palipoinama. Karani mwaminifu mwenye mizani mbovu hudhulumu watu kila siku, naye arudi nyumbani na kulala usingizi mwema. Kwa hiyo haitoshi kumwamini mtu. Yatupasa kuijaribu mizani yenyewe.

AINA ZA MIZANI

Mizani tunazozitumia ni za namna tatu hasa. Ya kwanza ni ile ya mikono miwili iliyo sawa, ambayo upande mmoja huwekwa kitu na upande wa pili mawe ya mizani. Mikono ikikaa mtange, yaani isipoinama huku wala huku, uzito wa pande zote mbili ni sawa. Mizani ya dukani yenye sahani mbili juu ya mikono yake ni ya jamaa hiyo. Mfaransa Gilles Personne de Roberval ndiye aliyeionyesha mbele ya wataalamu wa nchi yake mwaka 1669.

Ya pili ni mizani ya kamani, yaani ya springi, ambayo hutundikwa, nayo ina uso kama wa saa na mshale. Ndani yake mna chuma kilichosokotwa. Kadiri uzito unavyozidi ndivyo kinavyovutika, na mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alieleza kwa maandishi ya kwamba uzito ukiwa mara mbili, mvuto nao huwa mara mbili. Lakini kamani huchoka. Ikivutwa kupita kiasi chake hairudi tena kama ilivyokuwa, na tangu siku hiyo hesabu zake si za kutumainiwa.

Ya tatu ni mizani ya umeme, ambayo siku hizi imeenea sana. Ndani yake mna kipande cha chuma ambacho hupindika kidogo sana kwa uzito, na kule kupindika hubadili mwendo wa umeme, kisha tarakimu huonekana kiooni. Watu wengi hudhani ya kuwa tarakimu zinazong'aa haziwezi kukosea. Hilo si kweli. Mizani ya umeme yaweza kukosea kama nyingine, tena hukosea kwa sauti ya mtu mwenye hakika.

KUICHAGUA IFAAYO

Kila mizani ina hesabu mbili za kutazamwa kabla ya kuinunua. Ya kwanza ni uzito mkubwa kabisa iwezao kuchukua; ya pili ni kipande kidogo kabisa iwezacho kuonyesha. Mizani ya magunia yaweza kuchukua kilo 100 na kuonyesha nusu kilo nusu kilo. Hiyo yafaa kwa pamba, lakini haifai kupimia karafuu kidogo za kutia katika chai.

Nitawapa mfano wa mbali, maana unaonyesha jambo hili wazi kuliko wowote niujuao. Huko Marekani wako wawindaji na wapiga shabaha wengi ambao huyajaza tena maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa. Kwa kufuata sheria za kwao hutia baruti mpya na risasi mpya wao wenyewe. Kazi hiyo si ya kujaribiwa na mtu asiye na ruhusa wala mafunzo, nami siisemi ili mtu aifuate. Tujifunze habari ya mizani tu. Watu wale huipima baruti kwa kipimo kidogo kiitwacho greni. Greni 7,000 ndizo ratili moja ya Kiingereza, na greni moja haifiki hata sehemu ya kumi na tano ya gramu. Ganda la bastola ndogo laweza kuhitaji greni 4 au 5 tu. Mtu akitia mara mbili ya kiasi chake, bastola yaweza kupasuka mkononi mwake, naye akapoteza vidole au macho.

Sasa fikirini: mizani ya jikoni isomayo gramu moja moja haiwezi kutegemewa kuona tofauti baina ya greni 5 na greni 10. Kwa macho ya mizani ile, kiasi cha salama na kiasi cha mauti vyaweza kuonekana kitu kimoja. Kwa hiyo wajuzi wa kazi ile huchagua mizani ionyeshayo hata sehemu ya kumi ya greni. Wala hawaishii hapo. Huiweka juu ya meza thabiti isiyotikisika. Hufunga madirisha na kuzima feni, maana hata upepo mdogo huisukuma sahani. Kisha, kabla ya kuanza, huweka juu yake jiwe dogo ambalo uzito wake wanaujua. Jiwe likisomwa sawa, wanaanza. Katikati ya kazi hulipima tena, na mwisho tena. Likisomwa vingine, yote yaliyojazwa tangu jaribio la mwisho huwekwa mbali, wala hayapigwi.

Nasi tuige desturi hiyo. Mkulima hapasukiwi na bunduki penye mnada, ni kweli, lakini mali yake yapungua. Na mama aliyempeleka mtoto kliniki, mizani ikimwonyesha mtoto kuwa mzito kuliko alivyo, mwuguzi hataona mapema kwamba mtoto anakonda. Hiyo ni hatari isiyo na mlio.

MASWALI MANNE YA KUIULIZA MIZANI

Yeyote ajuaye kusoma tarakimu aweza kuijaribu mizani kwa maswali manne.

Swali la kwanza: ikiwa tupu, inasema nini? Isimamishwe penye usawa, isafishwe, isiguswe na kitu. Mshale au tarakimu sharti ziwe juu ya sifuri. Ikiwa kuna ndoano au kapu la kupimia, na viwepo tangu mwanzo, na sifuri isomwe navyo.

Swali la pili: inasema neno moja kila mara? Pimeni gunia lile lile mara tatu, mkiliondoa na kulirudisha. Ikiwa mizani ina ubao wa kuwekea mzigo, wekeni kitu kimoja katikati, kisha katika kila pembe. Majibu yakihitilafiana sana, mizani hiyo ni kama shahidi anayebadili maneno barazani, haifai kusikilizwa.

Swali la tatu: inautambua uzito unaojulikana? Lililo bora ni jiwe la mizani lenye alama ya serikali. Lisipopatikana, maji yatasaidia. Lita moja ya maji safi ni karibu kilo moja kamili. Katika joto la nchi zetu hupungua kama gramu 3 au 4 tu. Basi pimeni dumu tupu, andikeni uzito wake, kisha tieni humo lita 20 kwa chombo chenye alama ya kweli ya lita, mpime tena. Uzito ulioongezeka uwe karibu kilo 20. Jaribio hili halitafunua kosa dogo sana, lakini kosa la kilo nzima haliwezi kujificha. Tena jaribuni kwa uzito ulio karibu na ule wa kazi yenu. Mizani yaweza kusema kweli kwa kilo 1 na kusema uongo kwa kilo 50.

Swali la nne ni la mizani ya mikono miwili: ukibadili upande, inasema nini? Sukari ikiwa kushoto yaonekana gramu 1,020, na ikihamishwa kulia yaonekana gramu 980, basi mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenziwe. Jumlisheni hesabu mbili hizo, mgawe kwa mbili, nanyi mtapata gramu 1,000, ambayo ni karibu kabisa na uzito wa kweli.

Iko pia njia nyingine ya kupata kweli katika mizani ya mikono isiyo sawa, nayo hutajwa kwa jina la Mfaransa Jean-Charles de Borda. Wekeni sukari upande mmoja, na upande wa pili mmimine mchanga mpaka mizani ikae mtange. Kisha ondoeni sukari, msiuguse mchanga, na mahali pa sukari mweke mawe ya mizani mpaka ikae mtange tena. Mawe yale ndiyo uzito wa sukari, maana vyote viwili vimesimama mahali pamoja na kushindana na mchanga ule ule.

MIZANI ILIYOSAFIRI

Liko jambo moja ambalo huwashangaza watu. Dunia haivuti vitu kwa nguvu iliyo sawa kila mahali. Huvuta zaidi karibu na ncha zake, na huvuta kidogo zaidi kwetu sisi tulio karibu na ikweta. Mizani ya kamani au ya umeme iliyorekebishwa London, ikiletwa pwani yetu na kutumiwa bila kurekebishwa upya, itaonyesha mzigo wa kilo 100 kuwa umepungua kama gramu 320. Ikipandishwa milimani, upungufu huzidi kidogo. Mizani ya mikono miwili haina kosa hilo, kwa sababu mzigo na mawe huvutwa sawasawa. Kwa hiyo mkinunua mizani ya umeme, ulizeni kama imerekebishwa hapa itakapotumika.

Mtu asidhani kwamba kulinganisha ni kazi ya wasiojua. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande kimoja cha madini ya platini na iridi, kilichotunzwa Sèvres karibu na Paris. Kilipolinganishwa na nakala zake baada ya miaka mia hivi, ilionekana ya kwamba vimeachana kwa kiasi kama sehemu 50 za milioni ya gramu. Ni kidogo mno, lakini wataalamu hawakunyamaza. Na tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande cha madini, bali hesabu ya maumbile isiyobadilika. Ikiwa jiwe kuu la dunia liliulizwa maswali, je, mizani ya mnadani isiulizwe?

SHERIA NA ADABU

Serikali zetu zina sheria za mizani na vipimo. Tanzania Bara kazi ya kukagua mizani za biashara ni ya Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Kenya nayo ina sheria yake na wakaguzi wake. Mizani iliyokaguliwa hutiwa alama. Tafuteni alama hiyo, na mtazame tarehe yake. Tena msikubali gunia liwe mizani. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa na kupandishwa kilemba, haina kilo zinazojulikana. Kila kilemba ni zawadi ya mkulima kwa mnunuzi.

Mwisho, ulizeni kwa adabu. Si lazima kugombana. Inatosha kusema, "Samahani, bwana karani, hebu tuione kwanza ikiwa tupu." Karani mwaminifu atafurahi, maana mizani ikithibitika, na jina lake limethibitika. Kisha kila mtu aandike mwenyewe uzito aliosomewa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Wako wanaoona haya kuuliza mbele ya watu. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye.

Basi, siku ya mauzo ijayo, kabla gunia la kwanza halijatundikwa, mmoja wenu na asogee mbele aangalie mshale uko wapi. Kwaherini.